Zamu ya Mama Kufua Jezi

Juzi nilishuka Ruashi, mtaa wetu wa zamani, kutafuta kiwanja chetu cha mupira, nikakuta ukuta. Ukuta mrefu, na mlinzi langoni ananiuliza namtafuta nani. Nimtafute nani, ndugu yangu? Kiwanja kizima kimepotea na mimi ndiye ninayeulizwa! Nikarudi nyumbani nimevimba, na vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

Wewe uliyekulia huku unazikumbuka zamu za kufua. Timu ya parokia ilikuwa na seti moja tu ya jezi. Kila baada ya mechi, gunia la jezi chafu lilikwenda kwa mama wa mchezaji mmoja, naye alizirudisha Jumamosi zimenyooka. Kocha, ambaye alikuwa katekista na tena mwalimu wetu wa darasa la tano, aliandika zamu hizo kwenye karatasi yake kwa majina ya wachezaji.

Kaka yangu alicheza upande wa kushoto. Malaria ilimchukua wakati wa mvua, kwa siku nne tu. Matanga yakaisha, watu wakakunja mikeka yao, na mama akabaki kitandani ameelekea ukutani. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyetwanga sombe, yale majani ya muhogo, mimi ndiye niliyesonga bukari, ugali wetu, na baba aliila bila kunitazama. Nilimpelekea mama sahani, nikairudisha vilevile. Nilimkasirikia, nisikudanganye. Niliogopa pia kwamba hatainuka tena, kwamba tutazika wawili.

Timu nayo ilinichosha. Kocha alikataa kujaza nafasi ya kaka mpaka Pasaka, kwa hiyo tulicheza watu kumi na kila Jumapili tulipigwa, mabao manne, mabao matano. Watoto wa mitaa mingine walitucheka hadi sokoni.

Basi, wiki moja kabla ya Pasaka, kocha akatokea mlangoni na gunia. Zamu yetu. Nilidhani amekosea, mtu mzima na akili zake! Nilimzibia njia, nikamwambia mchezaji wa nyumba hii amekufa, apeleke nguo zake kwingine. Hakukasirika. Akatoa karatasi, akanionyesha jina la kaka palepale lilipokuwa.

«Kila siku ya Mungu tunasema bantu benye kufa batafufuka,» alisema. «Mutu tunamungoya, nitaifuta jina yake namna gani?»

Nilimwona mpumbavu. Kwani kungoja kunafua jezi?

Ndani kitanda kikalia. Mama alikuwa amesikia. Alitoka kitenge kimekaa upande, akalichukua gunia bila salamu, akainama kwenye beseni. Alifua mpaka jua likawa kali, kwa sabuni ya kipande, akilia, akimtukana kocha kwa sauti iliyomfikia jirani. Jezi ya kaka ilikuwamo, safi, haijavaliwa na mtu. Akaifua nayo. Jioni hiyo alikula, kisha akasema bukari yangu ina madonge.

Siku ya Pasaka tulipigwa tena, mabao matatu, na mama alisimama kando ya mstari akimfokea mwamuzi. Nilikuwa sijawahi kufurahia kushindwa, lakini siku hiyo nilifurahi. Padri alikuwa amehubiri asubuhi nzima juu ya kaburi tupu, lakini mimi niliamini saa kumi za jioni, pale kwenye vumbi.

Sasa kocha amekufa, mama pia. Nilimwuliza binti wa kocha zile karatasi ziko wapi, akaniambia waliwashia mbabula, jiko lao la makaa. Majina yetu yote yamepika chai! Na timu ya leo inapeleka jezi zake kwenye mashine, hakuna mama anayezigusa. Watu wananiambia nitulie, eti vya zamani vimepita, nishukuru kwamba nina kumbukumbu nzuri. Zinanisaidia nini? Nimechoka kungoja, nakuambia kweli, kuna Jumapili hata kuimba siwezi, na bado nakwenda. Mimi sikuahidiwa kumbukumbu. Niliahidiwa watu.