Aliyerudi Kumalizia Dari

Wajukuu zangu husema bibi yao hutia chumvi kila anachosimulia. Haya, mengine kweli naongeza, siwezi kukataa. Hili sijaliongeza hata punje, maana lilinichukulia mume, na mwanamke hafanyi mchezo na jambo kama hilo. Nilimwona kwa macho yangu haya, mchana, jua liko utosini. Nilizungumza naye. Nilimpelekea hata maji ya kunywa. Atakayekwambia kuwa niliota, mwambie aliyelala haungui nyayo kwa joto la dari ya chokaa.

Ilikuwa hapa hapa Bagamoyo, miaka michache kabla Wajerumani hawajatushika, wakati bendera nyekundu ya Sultani ikiwa bado juu. Mimi ni mtu wa Kiwangwa. Kwetu nyumba ni miti na udongo, juu makuti. Likivuja unachomeka kuti jingine, basi, umelala. Athumani, aliyekuja kunioa, alikuwa akinunua sandarusi, ile gundi ngumu ya miti, kwa watu wa bara na kuwauzia Wahindi mjini. Aliwaahidi wazee wangu kwamba ataniweka katika nyumba ya mawe, yenye dari ya chokaa na taa ya kuning'inia. Na kweli aliijenga. Hakuwa mtu wa maneno matupu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nyinyi mmezoea mabati, hamjui dari ya chokaa inavyotengenezwa, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Boriti za mikoko hupangwa, juu yake mawe, juu ya mawe humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Watu hupanda juu, wengi wao wanawake wa mtaani, hukaa safu kwa safu, kila mmoja na kibao chake kizito cha mti, wakaipiga. Huipiga huku wanaimba, kutwa nzima, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka maji yatoke na chokaa ishikane iwe jiwe moja. Ngoma inalia, mwenye nyumba anapika wali, watoto wanashiba. Na zile nyimbo si za kujifurahisha tu. Bila wimbo mikono haiendi pamoja, na mikono isipokwenda pamoja dari haishiki. Ukiiacha kabla ya wakati wake, juu itakauka vizuri na ndani itabaki chengachenga.

Sasa sikilizeni yaliyotokea kwa Athumani, ingawa mimi niliyajua baadaye. Siku ya kwanza walipiga vizuri. Aliyeongoza nyimbo alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, Bi Mwanahawa, mama mmoja wa makamo aliyembeba Athumani mgongoni alipokuwa mdogo. Alishuka jioni akilalamika kifua. Alfajiri akafariki.

Ungefanya nini wewe? Ungepiga ngoma juu ya dari, na maiti yuko ndani ukuta wa pili? Athumani aliwashusha watu wote, akakaa matanga pamoja na wafiwa. Kila mtu alimsifu kwa adabu yake. Matanga yalipokwisha, chokaa ilikuwa imeshakauka juu kwa juu. Ilipaswa kuvunjwa na kumwagwa upya, lakini siku ya harusi ilikuwa imeshapangwa, wageni wa Kiwangwa na Lugoba wameshaalikwa, na fundi alisema itashika tu. Akapaka chokaa laini juu na chini, ikawa nyeupe inang'aa. Wala huwezi kuona kasoro. Nilipoingizwa chumbani siku ya harusi nilitazama juu nikadhani nimepewa kipande cha pepo.

Katikati ya chumba ilining'inia ile taa, ya kioo cha buluu, iliyotoka Unguja. Athumani aliipenda mno. Kila jioni aliiwasha mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aiguse, na mimi nilimtania kwamba ana wake wawili.

Mchana mmoja, kabla mwezi wa kwanza wa ndoa haujaisha, nilikuwa nimejilaza. Athumani yuko madukani kwa Wahindi, mama mkwe amelala chumba cha pili. Nikasikia juu: ta, ta, ta, ta. Nikatazama ile taa. Ilikuwa inayumba, na upepo hakuna hata wa kutikisa pazia.

Nilidhani ni fundi. Nikatoka uani, nikapanda ngazi. Juu ya dari palikuwa pamekaa mwanamke, amejifunga kaniki, amenyoosha miguu, amenipa mgongo. Anapiga dari pembeni kwa kibao, na kwa chini anavumisha wimbo usio na maneno. Ile dari ilikuwa moto, miye nahamisha nyayo kila saa, yeye ametulia tuli.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe bibi harusi?"

"Ndimi. Nani amekutuma kazi saa hizi, na jua lote hili?"

"Sikutumwa. Kazi hii ilikatika kwa ajili yangu, naimalizia."

Nikadhani aliugua wakati wa kupiga dari, sasa amepata nafuu. Nikamwonea huruma. Niliposogea karibu nikasikia harufu ya karafuu maiti, lakini mtu wa shamba akiwa ugenini hasemi kila anachonusa. Nikaona pia kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, kimekatika nusu.

"Mwambie Athumani asikae chini ya taa yake," akasema bila kuacha kupiga. "Hapo pana jina la dari tu."

Nikamwambia angoje nimletee maji. Nilipopanda tena na kata mkononi hapakuwa na mtu. Pale alipokuwa akipiga niligonga kwa ngumi: pagumu, pamejaa, paliniumiza vifundo. Nikasogea kidogo nikagonga tena. Pakalia patupu.

Nikamwamsha mama mkwe nimweleze. Alinisikiliza huku anajifunga kanga vizuri, na anajiandaa kunicheka, maana ushamba wangu ulikuwa ndio kitoweo chake. Nilipofika kwenye kile kidole, akakaa chini.

"Mwali, nani kakwambia habari za kidole cha Mwanahawa?"

Hapo ndipo nilipoambiwa alikuwa nani, na amezikwa lini. Niaminini, sikuwa namwogopa yeye. Nilikuwa naogopa lile neno lake kuhusu taa.

Athumani alirudi, nikamweleza yote. Hakunicheka. Machozi yalimlengalenga kwa kusikia jina la yule mama. Akasema ile ndoano ya taa imefungwa kwenye boriti, fundi alifunga mbele yake. Akasema dari atakuja kuifumua baada ya masika, kwa kuwa masika yako mlangoni na nyumba haifunguliwi juu wakati wa mvua. Nilimwomba basi tuhamie chumba cha mama. Akasema watu watamwona kichaa, kajenga nyumba ya mawe halafu anakimbia kulala kwa mamake.

Yule bibi aliendelea kuja. Mchana, wakati ule ule watu wamelala, taa inaanza kuyumba, ta, ta, ta. Mimi napanda, nakaa kwenye ukingo wa dari, simsemeshi sana. Aliniuliza mara moja kama Athumani bado hapendi mchuzi wa papa. Nikamwambia mpaka leo hali. Akacheka kidogo, akaendelea na kazi. Alikuwa anakwenda polepole, mtu mmoja afanye kazi ya watu thelathini, itakuwaje? Nilitaka kumsaidia, nikamwomba kibao. Akasema, "La, wewe hujui wimbo wake." Ningejifunza ule wimbo. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba sikumwambia anifundishe.

Lakini mama mkwe hakupata usingizi tena. Akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani. Athumani naye akakubali, na sababu yake ilikuwa nzuri, ndiyo maana siwezi kumchukia. Alisema, "Mama yule alinibeba mgongoni. Hata akifa mnataka anifanyie kazi kwenye jua? Aachwe apumzike." Basi wakasoma, wakafukiza ubani, wakanyunyiza maji ya kombe, yaliyooshewa aya, pembe zote nne, wakafunga hirizi kwenye ngazi. Nililia, nikasema asifukuzwe, amebakiza kazi. Nani atamsikiliza mwali wa Kiwangwa?

Kisomo kilikuwa hakijakwisha nilipomwona anashuka ngazi. Wengine hawakumwona, na alipita katikati yao. Kibao kilikuwa kwapani. Hakuwa na hasira, alikuwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa kazi aliyoipenda. Akasimama mlangoni pa chumba changu, akanyoosha kile kidole cha nusu kuonyesha pembe ya kibla.

"Pale pameshika, mwanangu. Wewe swali pale."

Akatoka. Taa haikuyumba tena. Mama mkwe akalala vizuri, Athumani akachinja mbuzi wa sadaka, na nyumba nzima ikashukuru.

Masika yakaingia. Mvua ya mwaka ule ilikuwa mvua ya kukaa, haikati wala haipumui. Zulia langu la kuswalia nilikwisha kulihamishia kwenye ile pembe. Jioni moja Athumani alirudi mapema, amelowa chapachapa, hakuweza kufika msikitini. Nilikuwa nimeshatia udhu. Akaniambia, "Tangulia, naja, ngoja niwashe taa tuonane."

Nilisikia akisugua kiberiti. Nikasujudu. Kisha nikasikia kitu kinachanika juu, taratibu kwanza, halafu yote kwa pamoja.

Nilipoinua kichwa sikuona chumba. Niliona mvua, inanyesha ndani. Boriti zimekatika kwa uzito wa chokaa iliyokunywa maji, mawe na chokaa vimejaa mpaka magotini, na ile chokaa, nawaapieni, niliiokota ikamomonyoka mkononi, unga mtupu. Juu yangu palikuwa pamebaki kipande cha dari, mkeka mmoja tu upana wake, kimeshikana na ukuta kama kimechongwa humo. Hakikudondosha hata kokoto moja.

Athumani tulimtoa wakati wa isha. Kioo cha buluu kilikuwa kimetawanyika chini yake.

Mama mkwe hakulia siku ile. Alikaa kwenye matope, anatazama ile pembe iliyobaki. Akaniambia, "Mwali, tumemfukuza aliyekuwa anatujengea." Tangu siku hiyo hakunitania tena, na mimi ningetoa chochote nisikie akiniita mshamba. Nilibaki naye mpaka nikamzika. Kiwangwa sikurudi; niliolewa tena hapa hapa mjini, ndiko mlikotoka nyinyi.

Watu hudhani namlaumu fundi. Namlaumu, tena sana, yeye alijua kilichomo na akapaka juu yake. Lakini nikilala usiku siye ninayemfikiria. Namfikiria Athumani, aliyemheshimu yule mama mara mbili, na mara zote mbili heshima ikaangukia kichwani kwake. Namfikiria na yule bibi, peke yake juani, anapiga. Alikuwa amebakiza hatua chache tu kufika kwenye taa.

Mimi silali chini ya chokaa tena. Hiki kibanda changu cha makuti mnachokicheka kinanitosha. Lakini kila nyumba mpya inayopigwa dari mjini hapa hunikosi. Nina kibao changu, na nyimbo nimejifunza zote, nimewauliza wanawake wazee waliokaa safu moja na Bi Mwanahawa. Mafundi wengine hawanipendi, kwa sababu wakisema imetosha mimi nagonga kwa ngumi na kusikiliza.

Kwa hiyo wewe unayejenga, usiulize dari yako ni nyeupe kiasi gani. Uliza ilipigwa siku ngapi, na kwa nini waliacha. Na nyinyi wanangu, nawausia. Ikitokea nikafa na jirani yuko juu ya dari yake, msimshushe. Nizikeni kwa dua zenu, na yeye aendelee kupiga na kuimba kwa sauti, hata jeneza langu likipita mlangoni pake. Mkimnyamazisha kwa heshima yangu, itanibidi nirudi niimalizie mwenyewe. Na mkinikuta huko juu, tafadhalini, msiniletee mwalimu.