Ijumaa Mbili za Mbwa wa Severini

Tarehe 13 Desemba 1946, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha mkataba ulioiweka Tanganyika chini ya udhamini, Waingereza wakiendelea kuitawala. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi, kijijini Njinjo, bara ya Kilwa, habari hiyo ilikuwa haijafika, na hata ingefika isingemkuta Severini ana nafasi. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, kijiti mkononi, akichunguza mavi ya mbwa.

"Yanasemaje leo?" aliuliza mkewe, Romana, kutoka jikoni.

"Maji matupu. Na jana yalikuwa mazuri."

Romana hakucheka. Msimu uliopita nguruwe pori waliingia shambani mwao mara tatu, na nyumba nzima ikaishi kwa ming'oko, vile viazi vya kuchimba porini, kwa miezi miwili. Mbwa wao mzee alikuwa amekwisha kufa. Sasa tegemeo lao lilikuwa Watasema, mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, miguu mirefu, mbavu za kuhesabika, asiyejua kutulia. Alikimbiza kuku, vipepeo, hata kivuli chake mwenyewe. Lakini chakula hakikumkaa. Mahindi yangeanza kukomaa baada ya Pasaka. Kama mbwa hangekuwa na nguvu kufikia hapo, wangerudi kwenye ming'oko.

Severini alikuwa mtu wa kutaka kujua. Tangu Watasema aanze kuharisha, alikuwa akifunga fundo moja kila siku katika kamba ya ukindu: fundo dogo tumbo likiwa zima, kubwa likiwa limevurugika. Asubuhi ile aliipitisha kamba vidoleni, polepole, kama asalivyo rozari. Madogo sita, kubwa moja. Madogo sita, kubwa moja. Mara nne.

"Romana! Ugonjwa huu unajua siku. Kila Jumamosi."

"Basi ni samaki wa Ijumaa," alisema Romana mara moja.

Jibu lilikuwa wazi. Wao walikuwa Wakatoliki. Ijumaa hawakula nyama, walikula samaki mkavu kutoka pwani, na Watasema alilamba sufuria. Ijumaa iliyofuata Severini alimnyima samaki na kumpa ugali mtupu wa muhogo, kisha akalala na moyo mweupe. Jumamosi akafunga fundo kubwa.

Alikaa na kamba yake siku nzima. Alikuwa ameitazama Ijumaa kwa macho ya nyumba moja tu, na Njinjo haikuwa na Ijumaa moja.

Juma lililofuata, Ijumaa kabla ya adhuhuri, aliacha jembe akamfuata mbwa. Watasema hakwenda porini. Alipenya chini ya ua wa jirani yao Biasha, mjane Mwislamu, akazunguka nyuma ya jiko lake. Severini hakuwahi kupawazia hapo, kwa sababu Biasha hakumruhusu mbwa hata kukaribia kizingiti chake; mate ya mbwa kwake yalikuwa najisi. Lakini kila Ijumaa alipika wali wa nazi, na chicha, yale makapi ya nazi iliyokwisha kukamuliwa tui, aliwatupia kuku penye migomba. Watasema alikuwa katikati ya kuku hao, pua imejaa weupe, akila kwa bidii ya mtu aliyealikwa.

"Severini!" Biasha alitokea na mwiko. "Njoo umtoe huyu! Ama ndiyo amesilimu, anakuja kula Ijumaa?"

"Nisamehe, Bi Biasha. Nimemtafuta mwizi mwezi mzima, kumbe kuku wako ndio wenyeji wake."

"Umemwita Watasema. Sasa nasema: unafuga mbavu. Unamlisha nini?"

"Ugali, jioni, sahani iliyojaa."

"Jioni! Anakimbia mchana kutwa na tumbo tupu, halafu unamshindilia? Mtoto mwenye tumbo bovu hupewa kidogo kidogo. Uji wa mtama, laini, uliopoa. Asubuhi, mchana, jioni. Nimekuza wangu wawili hivyo."

Aliingia ndani akatoka na chungu kilichovunjika mdomo, akakiweka chini mbali na miguu ya mbwa. "Mpe humu. Na usinirudishie."

Siku ile ile Biasha alianza kuwatilia kuku chicha ndani ya banda, mlango ukifungwa. Siku ile ile Romana alipika uji wa mtama. Jumamosi Severini alifunga fundo dogo, na Jumamosi iliyofuata tena, mpaka kamba ikaisha.

Watasema hakunenepa kamwe. Lakini mahindi yalipokomaa, nguruwe walikuja mara mbili na mara zote mbili aliwarudisha bondeni akibweka, Severini akikimbia nyuma yake. Walivuna shamba zima. Hindi la kwanza lililochomwa Romana alimpelekea Biasha.

Jambo moja tu lilibaki kumsumbua Severini: walibadilisha mambo mawili kwa siku moja. Kama kilichomponya Watasema ni kunyimwa chicha au ni uji wa mtama, haijulikani.