Siku Niliyovaa Koti la Kioko

Watu wa nyumbani wakitaka kunichokoza, mpaka leo, wananiuliza kama nimeshanunua koti langu, na mimi hucheka nao, kwa sababu ukweli ni kwamba siku hiyo nilijiaibisha mbele ya mgeni wa heshima, mbele ya walimu wangu, na mbele ya baba yangu aliyevaa suti ya kanisani, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mimi na maringo yangu. Lakini wacha nisimulie mwenyewe, maana wengine wakianza wanatia chumvi.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya tisini, nikisomea shahada ya pili, na chuo chetu hapo Machakos mjini kikaamua kufanya maonyesho ya utafiti, yaani kila mwanafunzi anayetafiti kitu aweke meza ukumbini, wazazi waje, wakulima waje, waone watoto wao wanapotelea wapi miaka yote hii. Wazo zuri. Shida ilikuwa meza zilivyopangwa. Upande wa madirisha, kwenye umeme na vitambaa vyeupe, walikaa watu wa sayansi: mmoja na mchwa wake ndani ya sanduku la kioo, wanatembea wanafanya kazi zao kama hawajui wanaangaliwa, mwingine na maembe na nzi wanaoyaharibu, mwingine na maji ya visima vya Yatta kwa chupa ndefu. Sisi wa fasihi na historia na lugha tukasukumwa nyuma, karibu na mlango wa choo (sisemi walifanya makusudi, nasema tu tulikuwa karibu na choo). Kulikuwa na jamaa anayekusanya habari za njaa za zamani, na dada anayechunguza jinsi wanawake wa soko la Kithimani wanavyomwita mteja, na mimi.

Mimi nilikuwa natafiti nyimbo za mwethya. Mwethya ni kile kikundi cha majirani, leo wanachimba shamba la huyu, kesho la yule, na wakichimba wanaimba, na wakiimba hawamwonei mtu haya. Mvivu anaimbwa kwa jina. Mchoyo wa uji anaimbwa kwa jina. Nilikuwa nimezunguka Kivaa yote, huko kwetu kijijini, kwa miguu na redio kaseti begani, na mezani kwangu nilikuwa na nini? Hiyo redio, jembe moja la mama na picha tatu.

Sasa muelewe kuhusu baba yangu, Mzee Nzioka. Hakuwahi kunikataza kusoma, hata siku moja. Lakini nyimbo hazikumwingia akilini. Nikimwomba anisaidie na maneno, kwa sababu alikuwa kwenye mwethya tangu kijana, anasema hayo ni mambo ya wanawake, muulize mama yako. Na safari moja tukiwa tunakula alisema, polepole tu, bila ubaya, "Huyo Kioko mnasoma naye, nasikia anapima udongo. Hiyo naelewa. Sasa wewe Mwende unapima nini?" Iliniuma, na iliendelea kuniuma. Siku ya maonyesho alikuwa anakuja na wazee wawili wa kanisa, na mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani, baba asimame kwa meza yangu awaambie wenzake, huyu ni wangu.

Asubuhi hakuna aliyesimama. Watu walikuwa wanapita kwangu wakienda choo na wanapita tena wakirudi. Kwa Kioko, aliyekuwa mbele kidogo, watu walijaa. Kioko alikuwa na masanduku mawili ya mbao yaliyoinamishwa kama mlima, yote yamejaa udongo mwekundu wa kwetu, moja limeachwa hivyo hivyo, lingine limekatwa matuta madogo ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, na chini ya kila moja chupa. Anamwagia maji kwa mkebe wa kunyunyizia miche, upande mmoja maji yanatoka kama chai ya maziwa, upande wa matuta yanatoka safi. Wakulima wanapiga makofi. Na koti jeupe alikuwa amevaa, limepigwa pasi, na kalamu mfukoni.

Ikafika saa ya chai. Matuta ya Kioko yalikuwa yamelowa yakabomoka, akatoa udongo wa zamani, akaweka mkavu, akavua koti, akaniambia, "Mwende, niangalizie meza, nakuja kuyachimba upya. Usiguse kitu."

Koti lilikuwa hapo kwa kiti. Nikasema wacha nilijaribu tu, nione mabega. Huo ndio uamuzi wenyewe, jameni, kuvaa koti la mwenzangu kwa dakika moja, na lilinikaa vizuri, hilo siwezi kukataa.

Nikiwa nimesimama hivyo mkono mfukoni, mlango ukafunguliwa na mgeni wa heshima akaingia mapema, mama mmoja mkubwa wa idara ya kilimo, viatu vya rangi ya maziwa, msafara wa walimu nyuma yake, na nyuma ya msafara, baba na wazee wake. Akaja moja kwa moja kwa ile meza. Nilifungua mdomo niseme mwenye meza ako chai. Lakini kabla sijasema nikamsikia baba akimwambia mwenzake, na sauti yake imejaa kabisa, "Huyo mwenye koti ni wangu."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilisema, "Karibuni, huu ni utafiti wa mmomonyoko wa udongo."

Nilianza vizuri hata. Nilikuwa nimemsikia Kioko asubuhi yote, maneno nilikuwa nayo. Mgeni wa heshima akasema, "Haya, tuonyeshe hayo matuta yanafanya kazi gani." Na matuta hayakuwepo, mnakumbuka, udongo ulikuwa umelala tu. Nikatia vidole nikachimba mitaro haraka haraka, na udongo niliotoa nikaurusha upande wa chini, kwa sababu ndiyo rahisi, unavuta tu kuelekea kwako. Nikachukua mkebe. Baba alikuwa amesogea mpaka mbele kabisa. Nikamwaga, na kwa vile nilikuwa najisikia mtu wa maana, nikamwaga yote.

Tuta la kwanza likaenda. Likashukia la pili, la pili likashukia la tatu, na yote kwa pamoja yakaruka chupa, yakaruka meza, yakatua kwenye vile viatu vya rangi ya maziwa na suruali ya suti ya kanisani. Ungewasikia mchwa wakitembea. Maji yakawa yanateremka sakafuni kuelekea nyuma, na mbele yake kulikuwa na redio yangu, ambayo kwa kukosa nafasi nilikuwa nimeishusha chini. Nikaruka niiokoe, nikateleza, nikaishika kifuani nikiwa nimekaa kwenye tope, na kidole changu kikabonyeza pale pa kucheza.

Kwa wageni nilikuwa nimepanga wimbo wa kupalilia, wa adabu. Lakini asubuhi, kabla hawajafika, nilikuwa nimegeuza kaseti nisikie upande ule mwingine nicheke kidogo, na sikuirudisha. Ikatoka sauti ya mama yangu, ikiongoza kikundi chake, kwa Kikamba kilichonyooka, ukumbi mzima unasikia: Nzioka anarusha udongo chini, mvua imekuja kumuuliza, Nzioka tuta lako liko wapi, limeshuka mtoni kuoga.

Nilitafuta mahali pa kuzima, vidole vimejaa tope, sipaoni. Na wanawake kwenye kaseti wanaitikia, limeshuka mtoni kuoga, na mgeni wa heshima, ambaye kumbe alilelewa kwetu huku huku, anaitikia nao, viatu vyake vikiwa vyekundu. Wazee wa kanisa wakamgeukia baba. Sikuthubutu kumwangalia. Nilikuwa nimeujua wimbo huo miaka miwili, nimeunukuu, nimeuandikia kurasa nzima juu ya vina na mwitikio, na nilimficha baba kwa sababu jina ni lake. Na katika kurasa zote hizo sikuwahi kufikiria kwamba wimbo unasema ukweli kuhusu udongo. Na nilikuwa nimetoka kulifanya kosa lile lile, kwa mikono yangu, mbele ya watu.

Kioko akaingia na kikombe cha chai. Akaangalia meza, akaniangalia nilivyokaa na koti lake, akausikiliza wimbo mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwende, mbona hukuniambia uko na hii? Mimi nimepima mwaka mzima kupata hilo jibu."

Mgeni wa heshima akafuta macho (alikuwa amecheka mpaka machozi, Mungu ambariki). "Na huyo Nzioka," akauliza, "alikuwa mtu wa wapi?"

Baba akatoa kofia. Nilitamani sakafu inimeze.

"Ni mimi," akasema. "Na lile tuta lilivunjika kweli, mvua ya kwanza tu. Lakini hiyo kaseti haijamaliza. Nilichimba tena, nikarusha udongo juu, na lile tuta bado liko, hata kesho ukija Kivaa nitakuonyesha. Na walipoona limesimama waliniimbia ubeti mwingine. Huyu msichana hana huo ubeti. Aliniuliza nikamkatalia."

Akanigeukia. "Hiyo mashini yako bado inashika sauti?"

Vidole vyangu bado vilikuwa na tope, ni Kioko aliyebonyeza. Na baba yangu, mzee wa kanisa, suruali imejaa tope mpaka magotini, akaimba. Aliimba kwamba Nzioka amesimamisha mlima, maji yamemsalimia yakakaa, na mahindi yake yanaangalia ya jirani kwa juu. Aliimba vibaya, sitadanganya, pumzi ilimwishia katikati, na wale wazee wawili wakaitikia kumsaidia, halafu wakulima, halafu ukumbi. Nililia pale pale chini na sikujali.

Mchana huo meza ya Kioko na yangu zilisukumwa pamoja, nyimbo upande huu, udongo upande ule, na mtu wa njaa za zamani akaja akaegemea hapo hapo na mtu wa maji ya visima, wakagundua wote wanauliza kitu kimoja. Sikuwa na nafasi hata ya kunywa chai.

Jioni nilimsindikiza baba stendi. Kabla ya kupanda gari alinishika bega, akaliangalia lile koti nililokuwa bado sijavua kwa kuchanganyikiwa, akasema, "Umenifurahisha leo. Lakini siku nyingine simama kwa meza yako. Nilikuwa nimekuja kuona ya kwako."

Tasnifu yangu iko nyumbani Kivaa, juu ya kabati ya vyombo, na wageni wakija baba hufungua ule ukurasa wa ubeti wake na kuwasomea. Koti la Kioko nililifua mara nyingi likabaki na doa, na yeye akakataa kulitia jiki, ati hiyo ni sehemu ya matokeo. Mimi tangu siku hiyo sijavaa koti la mtu, hata mvua ikinyesha, na meza yangu iwe karibu na choo au iwe wapi, nasimama hapo.