Wifi Kamcheka Mwanangu kwa Nguo za Mtumba

Jamani nina hasira, hata chai haipiti!

Leo nimempamba binti yangu Neema kwa matembezi ya mjini Kiomboi. Gauni la maua, juu koti la suti la kiume, mikono nimeikunja. Vyote mtumba, nimechagua mwenyewe mnadani. Nyie, mtoto alipendeza mpaka nikajipongeza!

Njiani tukakutana na wifi yangu, akasema mbele za watu:
"Wifi, huyu anaenda kufukuza ndege shambani?"

Watu wakacheka. Neema akataka kurudi nyumbani akavue.

Halafu akageuka, mpole kabisa:
"Shikamoo shangazi. Hiyo blauzi yako mama alikuchagulia kwenye rundo lile lile la gauni langu."



Sasa wifi anataka nimchape, eti kamjibu mkubwa.

Nimchape kwa lipi, na shikamoo katoa? Nyie mngemchapa?