Rupia ya Bibi Somoe na Maelezo Niliyoyaweka Mtandaoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Mkuu wa Studio pale Nachingwea alinipa shuka jeupe na kipande cha sabuni, akaniambia nilifue mpaka yeye mwenyewe aseme basi. "Picha inaanzia kwenye shuka," alisema. Nilikuwa binti mwoga, na ukweli ni kwamba woga ule sikuuacha hata nilipozeeka. Kila picha niliyomkabidhi mteja, niliikagua kwanza mara tatu nne.

Studio ile iliishi kwa picha za vitambulisho na za harusi. Simu zilipoingia mifukoni mwa watu wateja wakapungua, nami nikahamia Ruangwa, kwenye duka la vitu vya kale lililouza sarafu mtandaoni. Msimamizi wa Duka alikuwa mama mkavu, asiyecheka hovyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba uso wa sarafu ni upande wenye kichwa cha mtawala, na mgongo ni upande wa pili. Alinifundisha pia kwamba ule weusi unaoifunika sarafu ya fedha kwa miaka mingi hauguswi, kwa sababu ndio wanaoutafuta wakusanyaji. Ukiusugua umeiharibu sarafu. Tulipiga picha kwa mwanga wa dirishani unaoingia kwa ubavu, ili kila mkwaruzo utoe kivuli chake.

"Anza na ubovu," aliniambia kila nilipokaa kuandika maelezo. "Uzuri watauona wenyewe."

"Sasa mama, nani atanunua kitu kilichotangazwa ubovu?"

"Atakayenunua hatarudi kugomba. Andika."

Nikaandika. Nikawa pia nasoma maelezo ya wauzaji wa mbali, na jamani, wapo walioijua kazi! Mmoja alieleza ukingo uliobonyea kwa maneno machache tu, nikajikuta napapasa kioo cha simu. Nilimwonea wivu wiki nzima.

Basi akaja Mshamu, mkulima wa Chunyu, na rupia ya Mjerumani iliyotobolewa ivaliwe shingoni. Kwao mabinti waliivaa siku ya kutolewa unyagoni, na ilirithiwa upande wa mama. Nyumba ya Bibi Somoe, mkubwa wa ukoo, ilikuwa inavuja, na ndugu walikubaliana iuzwe zinunuliwe bati. Nikaipiga picha, nikaandika, nikaweka mtandaoni. Akapatikana mkusanyaji wa Dar es Salaam. Mshamu akaomba airudishe nyumbani kwanza, ndugu waiage.

Siku chache baadaye akanipigia simu. "Mama Picha, njoo. Mjomba anasema nimeibadilisha."

Nilipanda bodaboda kwenda Chunyu. Niliwakuta uani wamekaa mikekani, na rupia iko kwenye sahani, inang'aa kama kijiko kipya. Mke wa Mshamu alikuwa ameisafisha. Huku kwetu kitu hakitolewi mbele ya wageni kikiwa kichafu, kwa hiyo aliisugua kwa maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, na majivu, kama mtu anavyosugua sufuria. Niliihurumia sarafu, kisha nikamtazama Mshamu nikaisahau.

Mjomba alikuwa ametoka Kilimarondo kwa ajili hiyo tu, na katika ukoo ule neno la mjomba ndilo hufunga shauri.

"Rupia yetu ilikuwa nyeusi," alisema. "Hii umeinunua mjini. Na huyu mama wa picha ndiye aliyekusaidia."

"Mjomba, ni ileile, wallahi."

"Apa tena, nikutoe ukooni leo hii hii, mbele ya watoto wako."

Nilitoa simu nikamwonyesha picha. Aliitupia jicho mara moja. "Picha siku hizi mnazitengeneza mnavyotaka." Nikaanza kujitetea haraka haraka, na najua wengine walidhani ni hatia.

Hapo Bibi Somoe, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena, akauliza, "Humo kwenye simu kuna maneno?"

"Yapo, bibi."

"Nisomee. Nanyi nipeni hiyo rupia."

Nikasoma. "Tundu halikukaa katikati ya kofia ya mfalme, limekimbilia kushoto. Upande wa mgongo, mdomo wa tundu una ncha inayochuna. Juu ya simba kuna kovu fupi, kama punje ya ufuta. Ukingo umebonyea chini ya bega la mfalme." Kidole gumba chake kilikwenda taratibu nyuma ya maneno yangu. Nilikuwa naogopa kupita kiasi. Je, kama yale majivu yameila ile ncha?

Kidole kikasimama.

"Soma tena hapo pa kuchuna."

Nikasoma tena. Akapeleka mkono chini ya koo, akajigusa kifuani. "Hiki kidude kilinichuna siku nzima ile niliyotolewa. Nikamwambia mama, akasema nivumilie, watu wananitazama." Akageukia sauti ya Mjomba ilikokuwa. "Mwache mtoto. Ndiyo yenyewe."

Mjomba hakuomba radhi. Aliomba maji ya kunywa. Mshamu alilia waziwazi, nami nikalia, na sioni aibu kulisema.

Mkusanyaji alijitoa nilipopiga picha upya na kuandika kwamba imesafishwa. Rupia ikabaki ukooni, na fedha za bati wakachangishana kidogo kidogo.

Sasa nimestaafu, nimerudi Nachingwea, na starehe yangu ni kupitia sarafu za watu mtandaoni. Nikikuta picha yenye kivuli cha kweli na maelezo yanayotaja kila jeraha, nafurahi kama nimepata barua ya rafiki. Lakini nikikuta nyingine imesifiwa tu, safi kabisa, ya kale sana, bila hata alama moja ya kuitambulia, hofu ile ya Chunyu inanirudia. Namwona mwenye mali amekaa mkekani mbele ya wajomba zake, na mimi nimeishika simu, sina neno la kumsomea.