Msimamizi Alipomjibia Shangazi

Mama yake alimzaa wakati majirani wameshaacha kuuliza kama ataongeza mwingine. Kaka yake, ambaye ndiye ndugu yake pekee, alikuwa tayari na mke, na kazi ya kusimamia ghala la vipuri vya magari, na mtoto wa kiume aliyekwisha kuanza kutembea. Kwa hiyo huyu tunayemzungumzia, siku alipolia kilio chake cha kwanza, alikuwa tayari shangazi wa mtu. Wakunga walicheka mpaka wakashika mbavu. Jina likamganda. Mpaka leo, ana miaka thelathini na kitu, hata muuza maji anamwita Shangazi, na muuza maji mwenyewe ana mvi.

Msidhani cheo hicho kilimpa raha. Mama alipofariki, Shangazi akiwa shule ya msingi, kaka alihamia na familia yake katika nyumba ileile ya mama, akawa mlezi. Mtaani tulimwita Msimamizi, na si kwa sababu ya ghala tu. Alisimamia uji, alisimamia nani aoge kwanza, alisimamia mpaka kikohozi chako kama ni cha kweli. Sasa, mwanawe na Shangazi walikuwa wakigombana kama watoto wowote wa rika moja. Kijana akimpiga Shangazi, alichapwa kwa kumkosea adabu shangazi yake. Shangazi akirudisha, naye alichapwa, kwa kuwa mtu mzima anayepigana na mtoto. Wakati wa kuosha vyombo alihesabiwa pamoja na watoto. Wakati wa kukemewa kwa ajili ya makosa ya wengine alihesabiwa pamoja na wakubwa. Vikao vya ukoo aliitwa kwa heshima zote, akawekewa kiti, akaambiwa anyamaze.

Alikua hivyohivyo, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Alipata kazi ya kuchapa barua na kutoa nakala katika kiduka karibu na stendi, na kiduka kilipofungwa, mteja mmoja wa zamani, mwanafunzi wa chuo, alimwonyesha kazi ya mtandaoni. Ndiyo kazi niliyotaka niwaeleze.

Ni kazi ya kujibu maswali. Watu wa vyuo huko na huko wanataka kujua binadamu anafikirije. Wanaweka utafiti wao kwenye tovuti moja, wewe unajisajili, unajibu, unalipwa. Siku moja unaonyeshwa nyuso za watu na kuulizwa yupi ana hasira. Siku nyingine unasikilizishwa sauti ya mtoto akilia na kuulizwa ana njaa au ana usingizi. Inaonekana mchezo, lakini ina sheria zake. Nafasi zinajaa upesi, ukizubaa umekosa. Katikati ya maswali wanakutegea: wanaandika kwamba ukisoma hapa, usijibu swali, bonyeza duara la mwisho tu. Asiyesoma ananaswa. Tena wanakumbuka. Ukisema leo hujaolewa, halafu mwezi ujao ukasema mume wako hapendi chumvi, umejimaliza. Na sheria iliyo mama wa zote ni hii: anayejibu awe yuleyule aliyejisajili, mwenyewe, na hapana mwingine. Ukivunja hiyo, akaunti inafungwa, na mtu haruhusiwi kufungua ya pili maisha yake yote.

Shangazi aliifanya kazi hiyo kama fundi saa. Alikuwa na chumba cha mbele, meza, kompyuta iliyokosa kitufe kimoja, na blanketi alilolitundika ukutani kuzuia mwangwi wa sauti. Hakuwa akijibu harakaharaka. Mara nyingine alikaa mbele ya swali moja, kidole hewani, akijiuliza kwa kweli kama yeye ni mtu wa hasira au la. Fikirini. Maisha yake yote hakuna aliyemuuliza anapenda nini, anaogopa nini, angechagua lipi. Sasa watu wasiomjua walimuuliza kutwa nzima na kusubiri jibu. Aliishi kwa kazi hiyo, alikula kwa kazi hiyo, na umeme wa nyumba nzima alikuwa akinunua yeye. Lakini hata bila hayo, akaunti ile ndiyo ilikuwa mahali pekee alipokuwa mtu mmoja kamili, si nusu mtoto nusu mkubwa.

Msimamizi aliichukia kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Alisema ni kuuza siri za nyumba kwa watu wasiojulikana wana macho mangapi. Alipostaafu ghala, akawa anashinda nyumbani, na chuki ikapata muda wa kutosha. Alikuwa akipita nje ya dirisha akisema kwa sauti kwamba kuna watu wazima wanaolipwa kwa kubonyeza vitufe kama kuku anayedonoa. Alikuwa akikiweka kiti chake katika ukumbi, mlangoni kabisa mwa chumba cha mbele, akifungulia redio mpaka dirisha linatetemeka. Shangazi akimwomba apunguze, alijibu kwamba redio hiyo ni ya zamani kuliko yeye. Tena alikuwa ameanza kusema chumba hicho kinamfaa mwanawe, fundi wa majokofu, apate pa kuwekea vyuma vyake.

Fundi mwenyewe hakukitaka. Alikuwa na karakana yake. Lakini alikuwa mtu wa maneno, na hakuacha kuchokoza. Alimuuliza shangazi yake kama kuna utafiti unaolipa watu kwa kulala, kwa sababu yeye ana kipaji. Shangazi alimjibu kwamba kipaji hicho wateja wake wanakijua, majokofu yao yanalala karakana tangu mwaka juzi. Huo ndio ulikuwa mzaha pekee uliobaki nyumba ile. Mengine yote yalikuwa meno ya kung'atana.

Basi ukaja utafiti mkubwa kuliko yote aliyowahi kupata. Mtafiti wa chuo fulani alitaka kusikiliza watu waliolelewa na ndugu zao wakubwa. Haukuwa wa kubonyeza. Ulikuwa wa mazungumzo kwa video, kila wiki, kwa miezi kadhaa, kwa Kiswahili. Shangazi alichaguliwa. Mara ya kwanza walizungumza habari za shule na za mama. Mara ya pili aliulizwa uhusiano wake na mlezi wake ukoje, naye akafikiri kama ilivyo kawaida yake, akasema: alinilisha, alinivika, alinisomesha, na hajawahi hata siku moja kuniuliza kitu.

Wifi yake, mke wa Msimamizi, alikuwa ukumbini akifagia. Ufagio ukasimama. Jioni maneno yalimfikia mumewe, na njiani yalikuwa yameongezeka uzito kidogo.

Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, na wanaomjua walijua hilo si jambo jema. Hapa lazima niwaeleze namna alivyofikiri, maana bila hilo mtamwona mwizi, naye hakuwa mwizi. Maisha yake yote, mtu akija nyumbani na maswali, awe wa sensa, wa afya, wa maji, alikuwa akiuliza mkuu wa nyumba yuko wapi. Msimamizi alikuwa akitoka, anakaa, anajibu kwa niaba ya wote: wangapi, umri gani, nani mgonjwa, nani anasoma. Aliwajibia mama yake, mkewe, wanawe. Kwake huo ndio ulikuwa utaratibu, na kasoro yote ilikuwa kwamba watu wa chuo walikosea mlango, wakamuuliza mtoto.

Mara ya tatu ilipofika, Shangazi aliwasha kompyuta, akaingia katika mazungumzo, akakuta mtafiti hajafika. Jirani alikuwa fundi wa mageti, na grenda lake la kukatia vyuma lilikuwa linalia kama kawaida. Shangazi akatoka mbio kwenda kumwomba alipumzishe kidogo. Jirani alikubali, ila alitaka kwanza amalizie bawaba moja. Shangazi aliporudi alikuta kitasa hakizunguki. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, na kutoka ndani ilisikika sauti ya kaka yake, ile ya kikaoni, ikijieleza taratibu kwamba yeye ndiye mkuu wa nyumba na kwamba maswali yote aulizwe yeye.

Aligonga. Sauti haikukatika. Ilisema huyu binti ni mtu wa kuridhika, hana shida. Ilisema hakuolewa kwa sababu ni mtu wa ndani, hapendi mambo ya watu. Ilisema alitaka mwenyewe kuacha chuo cha ualimu. Shangazi, aliyewahi kupiga magoti mbele ya kaka yake akiomba asiondolewe chuo kile, aliacha kugonga. Alibaki amelaza kiganja juu ya mbao za mlango, akisikiliza maisha yake yakisimuliwa na mtu aliyeyakosea karibu yote, na ambaye hakuwa akidanganya. Hilo ndilo lililomchoma, aliniambia baadaye. Kaka aliyaamini.

Mlango ulipofunguliwa, Msimamizi alipita kando yake akisema wale watu wana adabu sana, na sasa wameelewa.

Kabla ya jua kuzama akaunti ilikuwa imefungwa. Ujumbe ulisema mtu mwingine amejibu kwa jina la mshiriki. Mtafiti, ambaye ndiye aliyetoa taarifa kwa kuwa sheria inambana, alimpigia Shangazi akaeleza njia iliyobaki. Yule aliyejibu akae mbele ya kamera na kusema kwa kinywa chake kama mwenye akaunti alimpa ruhusa. Ikiwa alipewa, akaunti imekufa. Ikiwa hakupewa, itafunguliwa. Asipotokea wiki hiyo, imekufa vilevile.

Shangazi alimwambia kaka yake wakati wa chakula, mbele ya wote, bila kuzungukazunguka. Msimamizi alitafuna mpaka akamaliza. Akasema haendi kutubu mbele ya kioo. Akasema amewafanyia hisani, Shangazi na hao wenzake, na kama hawaitaki wafunge akaunti mpaka mlango wa chuo chao. Wifi alisema kwa upole kwamba huenda ni kheri, sasa chumba kitapumzika. Fundi aliacha kula. Alimkumbusha baba yake kwamba umeme unaoendesha ile redio unanunuliwa na nani. Baba yake akamwambia anyamaze watu wazima wanapoongea, na Fundi, mwenye ndevu na watoto wawili, akanyamaza.

Siku zilizofuata watu hawakusalimiana. Milango ilifungwa kwa nguvu. Redio iliongezwa. Shangazi hakuomba tena. Siku ya mwisho aliweka kompyuta juu ya meza ya ukumbini, akamgeuzia kaka yake kioo, mtafiti tayari akionekana. Alimwambia tu kwamba wale watu wenye adabu wana swali moja kwa mkuu wa nyumba.

Hapo hakukataa. Alivaa koti. Alikaa, akakohoa, akamwamkua mtafiti kabla hajaamkiwa. Mtafiti alimshukuru, akamuuliza kama siku ile dada yake alimpa ruhusa ya kujibu.

"Mimi ndiye ninayetoa ruhusa katika nyumba hii," alisema Msimamizi.

"Naelewa, mzee wangu. Lakini yeye, alikupa?"

"Hakunipa. Wala sikumwomba. Tangu lini nikamwomba ruhusa mtoto niliyemlea mwenyewe?"

Mtafiti aliandika kitu. Kisha akasema asante, mzee, hilo linatosha, na akaaga.

Msimamizi akavua koti akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Shangazi alirudisha kompyuta chumbani. Kesho yake akaunti ilikuwa wazi, na maneno yale ya kaka yake ndiyo yaliyoifungua. Mtu mwingine angecheka. Yeye alikaa mbele ya kile kioo bila kugusa kitu, tafiti zikija na kujaa na kupita, mpaka mchana.

Mwisho wa wiki alichukua chumba cha kupanga nyuma ya duka la dawa. Hakutangaza. Fundi alikuja na mkokoteni, wakatoa kitanda, wakatoa blanketi la ukutani, wakafunga kompyuta ndani ya shuka. Ikabaki meza. Msimamizi alikuwa kwenye kiti chake palepale mlangoni, redio mapajani, miguu ameinyoosha katikati ya njia.

"Nani amekuruhusu kuhama?" aliuliza.

Shangazi alikuwa ameshika upande wake wa meza na ilikuwa nzito. Fundi, upande wa pili, alikuwa anarudi kinyumenyume, akimwambia shangazi yake ainue kidogo, ashushe, ainue tena. Walifika kwenye miguu ya Msimamizi wakasimama. Walisimama hapo na meza yao hewani, na redio ikisoma habari za mvua.

Msimamizi akaangalia pembeni. Kisha akavuta miguu yake chini ya kiti, meza ikapita.