Moshi wa Mikebuka na Moyo wa Mama

Mama alikuwa akikausha samaki kwa moshi tangu kabla sijazaliwa. Nyuma ya nyumba yetu hapa Baraka, karibu na ziwa, alikuwa na kibanda cha mabati chenye matanuri mawili ya udongo. Juu yake alitandaza waya na kupanga mikebuka, samaki wa ziwa letu, vichwa vyote upande mmoja. Kuni zilitoka milimani, na wakati wa mvua zilifika mbichi. Mama alifunga mlango ili moshi usipotee bure, kwa sababu samaki asiyeiva vizuri angeoza kabla ya kufika kwa wachimba dhahabu kule Lulimba. Yeye mwenyewe alibaki humo ndani, akiwageuza.

Tulijua kwamba moshi unaleta kikohozi na macho mekundu. Wanawake wote wa ufuo wetu walikohoa, tukaona ni sehemu ya kazi. Moyo hakuna aliyeuwaza.

Mama alianza kwa kupumzika njiani akitoka ziwani na ndoo. Kwanza mara moja, baadaye kila baada ya nyumba tatu. Kisha miguu ikavimba hata ndara zikamkataa. Mwishowe hakuweza tena kulala chali. Tulimwegemeza kwenye mito kama mtu anayesubiri mgeni.

Mjomba wangu, ndugu yake wa pekee, alikuja na mtumbwi wa mota kutoka Kazimia. Alimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale bila kujaa.

"Hii haiko ugonjwa," alisema. "Hii ni sumu. Nani anamuleteaka chakula?"

Nikajibu mimi. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nimesoma. Nikasema, "Yule mama wa maziwa."

Alikuwa mwanamke wa milimani, wa familia za wafugaji, aliyemletea Mama maziwa kwa miaka mingi. Walizoea kukaa pamoja mlangoni, kila mmoja akicheka lafudhi ya mwenzake. Nilimtaja kwa sababu alikuwa mgeni kwetu, na kwa sababu nilitaka kuwe na mtu wa kulaumiwa.

Asubuhi alipokuja na kidumu chake, mjomba alimzuia uani.

"Kunywa we kwanza."

Mwanamke yule alijimiminia kikombe akakinywa chote, polepole. Hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi. Mjomba akamnyang'anya kidumu, akamwaga maziwa yote mchangani mbele ya majirani. Kutoka ndani tulimsikia Mama akijaribu kuita, "Mumuache! Ule ni rafiki yangu!" lakini pumzi haikumtosha, na tukajifanya hatukusikia.

Tukamwita mtu wa dawa za kutapisha. Kwa wiki nyingi Mama alikunywa maji machungu ya mizizi, nami nikashika beseni. Kila alipotapika, mjomba alichungulia akitafuta sumu. Haikutoka sumu. Mama ndiye aliyezidi kwisha. Siku midomo yake ilipogeuka rangi ya majivu, sikumwuliza mjomba tena. Nilimpandisha Mama kwenye pikipiki, nikakaa nyuma yake nikimshikilia mpaka hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima tension ya damu, akasikiliza kifua, akatazama mishipa ya shingo iliyotuna. Kisha akamwuliza kama anavuta sigara.

Mama alikasirika. "Mi? Mi muntu wa kanisa! Siyavutaka hata siku moja."

"Basi mama, kazi yako ni gani?"

"Nakaushaka samaki."

"Ndani ya nyumba? Mulango ikifungwa?"

"Ndiyo."

"Toka miaka ngapi?"

Mama alifikiri. "Toka niko binti."

Daktari aliweka chini kalamu. Alitueleza taratibu, kana kwamba anaomba radhi. Moshi ulikuwa umeharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika yanabana njia ya damu, hivyo moyo unasukuma kwa nguvu kupita kiasi mwaka baada ya mwaka, mpaka unapanuka na kulegea. Ndiyo maana maji yanashuka miguuni. Vumbi laini la moshi huingia hata kwenye damu, likaikaza mishipa. Vidonge vingeweza kupunguza maji, ila moyo usingerudi ulivyokuwa.

"Na sumu?" niliuliza.

"Sumu gani?" akasema.

Tuliporudi tulizibomoa kuta za kibanda. Mama alikatazwa kukaribia moto, lakini moshi wa majirani uliingia dirishani bila kubisha hodi. Siku moja akanishika mkono.

"Mutoto yangu, uende umutafute rafiki yangu wa maziwa. Umuombe musamaha. Mi sina miguu ya kufika."

Nilimkuta sokoni, mbali na mtaa wetu. Kabla sijafungua mdomo aliuliza, "Mama iko namna gani?"

"Ni moyo. Moshi ndiyo iliuharibu."

"Moshi," alirudia. "Na mi ndiye mulinimwangia maziwa chini mbele ya bantu."

Nikamwambia kwamba aliyetaja jina lake ni mimi, si mjomba. Nikapiga magoti pale kati ya vikapu vya mihogo.

"Simama," alisema. "Nimekusikia." Hakusema amenisamehe. Alimmiminia Mama maziwa kwenye chupa, akakataa nilipe, na hakurudi tena mtaani kwetu. Mama aliyanywa akilia.

Alifariki Jumapili, watu wakiwa bado kanisani. Nilikuwa namsuka nywele. Kichwa kililala kwenye goti langu, nikamwambia akae vizuri, na nikaendelea kusuka msuko mmoja mzima kabla ya kuelewa.

Msibani mjomba alianza tena habari ya sumu. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema hapana, ni moshi, na yule mama tulimsingizia, mimi wa kwanza. Mjomba alitoka bila kuaga. Mpaka leo hatuongei. Mmoja wa wanawake wa ufuoni, mwenye matanuri manne, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, basi tufanye nini? Batoto batakula nini?"

Nilimwambia abomoe ukuta mmoja, atumie kuni kavu akizipata. Aliitikia kwa kichwa, akakohoa, akajifuta mdomo kwa kitenge. Ukuta wake bado umesimama.